Barua ya Wazi kwa Msuluhishi wa Malalamiko ya Kodi

Mheshimiwa Msuluhishi,

Sisi huku Tengeru, chini ya Mlima Meru, tu wazima, na gulio letu la Jumatano na Jumamosi lingali likijaa kama ilivyo ada. Mimi ni muuza maharage, mtu wa debe na mizani, na tangu nizaliwe sikupata kumwandikia mkubwa yeyote barua isiyokuwa ya kuomba muda wa kulipa. Kwa hiyo nistahimilie mkono ukinitetemeka.

Tuliposikia kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 imekiweka cheo chako, tulifurahi furaha ya mgonjwa aliyeambiwa kuwa tabibu yu njiani. Mji wetu wa Arusha, kama ujuavyo, umejaaliwa baraka ya usuluhishi isiyo kifani. Wanyarwanda walitia saini mapatano yao hapa mwaka 1993; mwaka 2000 wakaja Warundi, Mzee Mandela akiwa mpatanishi wao; na hata leo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeketi papa hapa, na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kadhalika. Madola yakigombana huletwa kwetu, hulazwa hoteli nzuri, hutazamishwa mlima, na aghalabu hupatana. Aliyesalia bila mpatanishi ni muuza ndizi tuliyepakana naye meza.

Juzi aliikunjua karatasi yake ya makadirio juu ya gunia langu, akaisoma kwa miwani iliyofungwa uzi sikioni, kisha akaniuliza, "Mzee, hii ni kodi yangu ama ni bei ya shamba?" Nikamweleza, kwa ilimu yangu ndogo, kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 imempa siku 30 za kupinga, ila kwanza atoe kiasi asichokibishia au theluthi ya kodi yote aliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi; akikosa hicho, na aombe kusamehewa sharti hilo. Akanyamaza kitambo, akaikunja karatasi mara nne, akaitia chini ya kopo la chenji.

Nikamkumbuka Kirilo Japhet. Wameru wa Engare Nanyuki walipohamishwa kwa nguvu mwaka 1951, yeye alisafiri mwaka uliofuata mpaka New York, akalishitaki dola la Mwingereza mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisikilizwa kwa adabu, ijapokuwa azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao halikupata kura za kutosha. Walakini hata Mwingereza, pamoja na ubahili wake wote, hakumtaka atangulize theluthi ya Engare Nanyuki ndipo afunue kinywa.

Nasikia wewe hukuumbiwa kubadili sheria wala sera, bali kutazama huduma, taratibu na mwenendo wa utawala. Si haba; nusu ya maudhi ya dunia hutoka huko. Jambo moja tu hunikosesha usingizi, nalo ni nasaba: taasisi yako i chini ya Wizara ya Fedha, na mkusanya kodi naye yu chini ya Wizara hiyo hiyo. Mume na mke wakizozana kwetu, hatumwiti mama wa mume peke yake kuamua, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Huitwa mshenga, na jirani pia, maana jirani hana sehemu katika mahari. Sisemi kwamba utapendelea, hasha. Nasema muuza ndizi hatapanda daladala mpaka kwako kabla hajajua chakula chako hupikwa jiko la nani.

Basi nakualika gulioni Jumamosi. Nitakupa kigoda kivulini, na maharage nitakuuzia kwa risiti ya mashine. Ila naomba hisani moja: usije katika gari moja na mkadiriaji.

Ndimi mtiifu wako,
Muuza Maharage, Tengeru

Tanbihi: Kwa kuwa desturi ni kutanguliza theluthi, haya uliyoyasoma ni theluthi ya malalamiko yangu.