Sifa za Mheshimiwa Impela

Wapo wanaosifu mabwawa, na wapo wanaosifu matangi yaliyopakwa rangi na kuandikwa jina la mfadhili. Mimi namsifu Mheshimiwa Impela, kisahani cha pampu kinachoenea kiganjani, mkazi wa chini kabisa ya kisima kirefu huko Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui.

Ana asili ya kitajiri. Armais Arutunoff, mhandisi mzaliwa wa Tiflis, alipobuni pampu ya umeme inayozamishwa kisimani, alikuwa na hamu ya mafuta, na kampuni yake ilinawiri kwenye visima vya Oklahoma. Kwetu ukoo huo umeteremshwa cheo: unavuta maji ya chumvi. Hauna kinyongo. Mota ikizunguka, karibu mara 2,900 kwa dakika, impela wa kwanza huyarusha maji kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, kila mmoja akiongeza nguvu yake kidogo hadi maji yafike juu tangini. Hiyo ndiyo harambee isiyo na mgeni wa heshima wala kipaza sauti.

Adui yake ni mchanga. Chembe zilizopenya kwenye chujio humkwangua kingo siku baada ya siku, na hapo ndipo adabu yake huonekana. Hazimiki ghafla akaushtua umma. Tangi lililokuwa likijaa kabla ya adhuhuri hujaa jioni, kisha halijai, kisha mfereji unakohoa. Nionyeshe mwenye cheo mwingine nchini anayejiuzulu nguvu zikimwishia.

Kumtoa ili abadilishwe sasa ni shughuli. Nasikia mafundi wa boti kule Lamu hulalamika kwamba impela ya mpira ya kupozea injini imefichwa upande wa nyuma, mkono haufiki kwa urahisi, skrubu zinaanguka ndani ya maji machafu. Poleni, ndugu zangu. Ninyi angalau mnaigusa. Wetu akiwa mita 120 chini, na kila bomba lina mita tatu, ni mabomba 40 ya kuvutwa na kufunguliwa moja moja, na waya wa umeme ukifunguliwa nayo. Inasimamishwa miguu mitatu ya chuma, inaning'inizwa cheni, inakazwa klempu. Klempu ikiteleza, pampu, mabomba na waya vyote vinarudi chini kwa kishindo, na huenda kisima kikawa kaburi lao.

Lakini tazama baraka za kuchakaa kwake! Vijana ambao chifu hajawaona barazani tangu mwaka jana wamefika wote, mikono imejaa grisi. Mweka hazina wa kamati ya maji, aliyekuwa na safari kila tulipomtaka, ameletwa na daftari lake, na pesa za mitungi zinahesabiwa mbele ya mbuzi na watu. Ni ukaguzi gani wa hesabu uliowahi kufanyika haraka hivyo? Wenye punda wanapata wateja. Na kina mama amewapa matembezi: alfajiri hadi mto mkavu, kufukua mchanga, kusubiri maji yachuruzike, kurudi na lita 20 mgongoni. Si madaktari husema kutembea ni afya? Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Haikutaja haki ya kukaa kitako.

Majirani zetu wa Kyuso ndio waliomkosea heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vya kutuma ujumbe kwa mtandao wa simu kwenye mikono ya pampu za kusukuma kwa mkono, na pampu ikinyamaza habari zikawa zinamfikia fundi. Matanga ya pampu, yaliyokuwa yakichukua karibu mwezi mzima, yakapunguzwa hadi chini ya siku tatu. Baadaye ikazaliwa huduma ya matengenezo ya FundiFix, ambayo jumuiya huilipa ada ndogo kila mwezi ili pampu ikiharibika itengenezwe upesi. Fikiria hasara: hakuna baraza, hakuna daftari, punda wamelala. Umaarufu wa impela utatoka wapi desturi hiyo ikimfikia naye, akawa kila akichakaa anabadilishwa kabla watu hawajamlilia?

Kwa hiyo nakusihi, Mheshimiwa mwenzake unayekuja kukata utepe wa kisima kingine: karibu, na ngoma ije. Ila kabla ya jina lako kupakwa kwenye tangi, nunua seti mbili za impela uziache kwa kamati, na kwa rangi hiyo hiyo uandike aina ya pampu na kina ilipozamishwa.