Ubaridi wa Kununua

Hongera, kijana wa Kibokoni! Kompyuta yako ya mezani sasa ina ramu ya DDR5, baada ya ile DDR4 ya bei poa kukataa kuingia, hata kwa dua. Gigabaiti 32, kipande kimoja, ingawa viwili vya 16 vingepitisha data kwa njia mbili. Kisha ukaongeza kipoozeo cha maji chenye taa za rangi saba, upate kuandika barua za kuomba kazi kwa utulivu.

Halafu ukaisukuma kabatini, ukafunga mlango, na dirisha ukalifunika pazia zito. Mwezi wa Machi huu, fukuto la Mombasa likipita nyuzi 30! Hakuna feni wala bomba liwezalo kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoizunguka. Ikizidiwa, hujipunguzia kasi yenyewe, kwa adabu zake.

Waliojenga Mji wa Kale kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vya kivuli hawakuwa na prosesa. Walijua tu upepo upite wapi. Itoe kabatini, mwanangu, ufungue dirisha. Ni bure, na hapo ndipo ugumu ulipo.