Mkono Uliodai Mkono

Wanaocheza Dungeons & Dragons wanamjua Vecna, mchawi wa nchi ya Flanaess aliyekataa kufa. Mwili ulimkaukia mifupani, naye akabaki kwenye kiti cha enzi akitawala kwa hofu. Alimpa msaidizi wake, Kas, upanga wa uchawi ili amlinde. Upanga ukawa unamnong'oneza Kas usiku na mchana kwamba kiti kile kinamfaa yeye. Wakapigana mpaka mnara ukaporomoka, na vumbi lilipotulia, vilivyobaki vya mwili wa Vecna ni viwili tu: mkono wa kushoto na jicho la kushoto.

Hekaya hii ni ya kijiji kimoja cha wanyama wa nchi hiyo.

Panya ndiye aliyeuona mkono kwanza, alipokuwa akichimba shimo la kuwekea nafaka. Ulikuwa mweusi, umekauka, una kucha ndefu, na vidole vyake bado vilicheza. Akaukimbia. Mbweha, aliyejua kusoma maandishi ya kale, aliufunga kwenye kitambaa akaupeleka barazani.

"Waheshimiwa," alisema, "mbwa mwitu wanatumaliza. Hakuna mwezi tusiozika. Mkono huu una nguvu za kuwazuia. Sharti lake ni moja: anayeutaka akate wake kwanza, kisha aubandike huu kwenye kigutu. Utashika wenyewe."

Mzee Kobe akauliza, "Bwana Mbweha, kitu chema kinakudai mkono kabla hujakiona kikifanya kazi?"

"Mzee, kila kitu kina gharama."

"Gharama naijua. Lakini muuza duka hukuonyesha bidhaa kwanza."

Wakamzomea Kobe, wakasema uzee umemtia woga. Dubu, mwenyekiti wa baraza, akasimama. Aliwapenda wanakijiji wake kwa dhati, na hilo lisisahaulike. "Nitajitoa mimi," alisema. "Nitautumia kwa manufaa ya kijiji tu, na mbwa mwitu wakishaondoka nitauvua." Akaulaza mkono wake juu ya gogo. Shoka likashuka.

Mbwa mwitu walipokuja tena, Dubu alimgusa kiongozi wao kwa kidole kimoja, naye akaganda kwa baridi mpaka moyoni. Wenzake wakatimka. Usiku ule ngoma ilichezwa hadi alfajiri, na Kobe alicheza pia.

Kulipokucha, mkono ukanena ndani ya kichwa cha Dubu: "Nimekufanyia kazi yako. Sasa nifanyie yangu." Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Panya alikuwa amesema mkono ule unanuka. Basi ghala lake lifungwe wiki moja. Dubu akasita, kisha akalifunga. Ukaja ukame, akautumia mkono kupasua mwamba, maji yakabubujika. Mkono ukadai tena, na safari hii haukutaka ghala, ulimtaka Panya mwenyewe. Kila fadhila ilikuja na dai lake, na kila dai lilizidi lililotangulia. Mbweha hakukosa maelezo: hili ni la usalama, hili ni la umoja, hili ni la kipindi cha mpito.

Sungura akathubutu kuuliza mkono utavuliwa lini. Mbweha akatoa maandishi yake ya kale, akasoma mstari ambao hakuusoma siku ile ya baraza: mkono ukiondolewa, aliyeuvaa anakufa. Kuanzia hapo, kuomba mkono uvuliwe kukahesabiwa kuwa ni kula njama ya kumwua mwenyekiti. Sungura akahama usiku huohuo.

Kisha mkono ukamtuma Dubu kulitafuta jicho. Akalipata, akang'oa la kwake, akalipachika lile. Sasa aliona kupitia kuta, na wanakijiji wakajifunza kunyamaza hata vyumbani mwao. Sheria za mchezo zilizochapishwa mwaka 2014 zinasema kwamba kila mvaaji anapofanya uchawi kwa jicho hilo, kuna uwezekano wa asilimia 5 kwamba Vecna atainyofoa roho yake, aile, kisha autawale mwili. Asilimia 5 ni kitu kidogo kwa anayejaribu mara moja. Dubu alijaribu kila jioni. Asubuhi moja mwili wake ukatoka nje ukisema kwa sauti ya mgeni. Haukumtambua hata mama yake mzazi. Uliwakusanya vijana wote wenye nguvu, ukaondoka nao kuelekea mashariki. Hawakurudi.

Ungedhani kijiji kingekoma. Kilichokumbukwa barazani, hata hivyo, ni mbwa mwitu waliotimka na mwamba uliotoa maji. Ya Panya hayakutajwa. Mama yake Dubu aliposimama kusema, aliambiwa muda umekwisha.

Ng'ambo ya mto waliishi kunguru, ambao siku nyingi waliyatamani mashamba ya kijiji kile. Waliokota fuvu kuukuu makaburini, wakaliweka kwenye sanduku la chuma, wakalizungushia mitego ili lionekane la thamani. Kisha wakaeneza uvumi: kichwa cha Vecna kimepatikana! Ikiwa mkono tu ulifanya yale, kichwa kitafanya nini?

Wanakijiji hawakulala. Walivuka mto, wakapita kwenye mitego, wengine wakafia humo, na waliosalia wakasema mitego mikali kiasi hicho ni ushahidi tosha. Hakuna aliyeuliza fuvu lile limewahi kufanya nini. Walichogombania ni nani akatwe kichwa kwanza. Mbweha akashinda, kwa kuwa yeye ndiye msomi.

Shoka likashuka. Wakalibandika fuvu shingoni. Kimya.

"Mmechelewa kulibandika," Beberu akasema. "Leteni wa pili, tufanye haraka."

Wa pili akaja kwa hiari yake, naye hakuinuka. Wakasema labda gogo halikuwa sawa. Wa tatu alipoanza kuvua kofia, Kobe akaliweka gamba lake mbele ya gogo na kukirudisha kichwa chake ndani, asiweze kukatwa wala kusogezwa. Akasema kutoka humo:

"Mkono ulikuwa na nguvu, ukatutesa. Fuvu hili ni mfupa mtupu, halina uchawi wala laana, na leo linatuua haraka kuliko mkono. Sasa niambieni, laana iko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Kunguru walikuwa tayari mashambani.

Kisa cha kichwa sikukitunga mimi. Mkono na jicho viliingia katika mchezo mwaka 1976, kupitia kijitabu Eldritch Wizardry cha Gary Gygax na Brian Blume. Kichwa kilizaliwa mezani kwa wachezaji: kundi moja liliwazushia wapinzani wake habari za masalio hayo, na wapinzani wakakatana vichwa kwa hiari yao. Wachezaji wamekisimulia kisa hicho miaka mingi, na wana haki, kwa maana ni kweli kuliko vita vyote vya mchezo ule. Jibu la swali la Kobe ni kwamba laana ilikuwa imehamia ndani ya wanakijiji tangu shoka la kwanza, siku walipokubaliana kuwa kujikata ni ushujaa na kuuliza ni usaliti. Baada ya hapo, mfupa wowote ungetosha.

Ndugu msomaji, ukiitwa barazani uonyeshwe chombo cha kutuokoa sote, uliza aliyekivaa kabla yetu yuko wapi, kisha uliza kinavuliwaje. Asiyeweza kujibu swali la pili asikabidhiwe shoka.