Wadhamini Watatu wa Kuaminika

Ukitaka kazi nchi hii, kwanza uthibitishe kwamba wewe ni mtu. Cheti cha kuzaliwa kigongwe muhuri wa wakili, namba ya NIDA isomeke, barua ya mtendaji wa kijiji ieleze unatoka kitongoji gani, na mwisho uandike majina ya wadhamini watatu wa kuaminika wenye simu zinazopatikana. Hapa Chemba mwenye sifa ya kwanza mara nyingi hana ya pili. Mdhamini wangu wa kuaminika kuliko wote yuko Sanzawa na mbuzi wake, na mtandao unamfikia akipanda juu ya jiwe.

Hayo yote nimeyakubali. Kinachoniudhi ni kwamba huyu anayejiita wakala wa ajira, anayepokea furushi langu lote la nakala, haulizwi mdhamini hata mmoja. Barua ya mtendaji hana. Alichonacho ni picha akiegemea gari la mwenzake, na herufi HR mbele ya jina.

Natafuta kazi mpya. Si siri, na bosi wangu akisoma hapa asome tu. Mimi ni karani wa mizani kwenye mashine ya kukamua alizeti. Msimu ukiwa mzuri napima magunia mpaka usiku, naenda kulala nanuka mashudu. Msimu ukiwa mbaya, kama ule wa 2023 bei ya alizeti ilipoporomoka, wakulima wananuna, mashine inanyamaza, na bosi anaanza kunilipa mshahara kwa madumu ya mafuta ya kula. Mafuta ni mazuri, sikatai. Ila mwenye nyumba wangu hapokei madumu.

Basi nikaligusia jambo hili kijiweni, pale kwenye kahawa na kashata karibu na stendi. Kahawa yangu haijapoa, wakala keshajitokeza. Huyu tulimzoea kama dalali wa viwanja na, msimu wa mavuno, dalali wa ufuta. Kumbe na ajira anauza. Akanivuta pembeni.

"Shehe, una bahati. Nina mtu wangu Mtumba."

Tangu Serikali ihamie Dodoma, barabara yote hii ya kwenda Kondoa hukosi mwenye mtu wake Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Nikamuuliza mtu huyo anaitwa nani. Akasema mambo haya hayatajwi hadharani. Nikamuuliza yuko wizara gani.

"Anazunguka wizara zote."

Nikamwambia hata mlinzi anazunguka. Akakasirika kidogo, akasema watu wenye maswali mengi ndio wanaozeekea kwenye mizani, kisha akaomba hela ya mafuta ya pikipiki ili akanizungumzie. Nikamwambia mafuta ninayo, madumu mawili, ila ni ya alizeti.

Wa pili sijawahi kumwona sura. Alikuja kwa ujumbe wa simu, na bidhaa yake ni bomba. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, linakatiza wilaya yetu, na bomba lenyewe halina kosa lolote na mimi. Shida ni hawa wanaolitumia kama ndoano. Kijana aliniandikia kwamba nimeteuliwa kuwa mtunza stoo. Sikuwa nimeomba. Akasema uteuzi ni uteuzi, kilichobaki ni fomu 30,000, vipimo vya afya 20,000, na sare 45,000 pamoja na kofia ngumu.

"Tuma kwenye namba hii kaka. Jina litakuja la mwanamke, usishtuke."

Kila mwenye simu nchi hii anaijua sentensi hiyo, na bado kuna watu wanaitumia kutafuta riziki, tena wanapata! Nikamuuliza mwanamke huyo ni nani kwenye kampuni. Akajibu ni mhasibu. Nikamuuliza mbona mhasibu anatumia laini yake binafsi. Akanyamaza, halafu akarudi na huruma: kwa kuwa mimi ni ndugu, sare nilipe nusu. Nikamhifadhi kwenye simu kwa jina la Bomba Sare, ili akipiga tena nijue naongea na nani.

Nilijaribu kumtajia sheria. Tuna Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na kanuni zake za 2014 zinataka wakala binafsi awe na usajili wa Kamishna wa Kazi, na zinamkataza kumtoza mtafuta kazi. Gharama ni ya mwajiri. Yeye ndiye anayetafutiwa mtu, yeye ndiye alipe. Bomba Sare akanijibu: "Kaka, sheria hizo ni za Dodoma." Nikamkumbusha kwamba Chemba ni mkoa wa Dodoma. Akasema alimaanisha Dodoma mjini.

Uwakala wa ajira haukuanza na Bomba Sare. Babu yangu alichukuliwa na SILABU, ile ofisi ya kuajiri vibarua iliyoundwa mwaka 1944 na wenye mashamba ya mkonge. Huku kwetu wakati huo kote kulikuwa Kondoa, maana wilaya ya Chemba imezaliwa 2012. Babu hakuwa na neno zuri juu ya Tanga alikopelekwa. Kipande chake kilikuwa na siku 30 za kujaza, na siku ambayo hakumaliza kipimo alichopangiwa cha kukata mkonge haikuhesabiwa, hata kama jasho lilitoka. Mkoloni hakuwa rafiki wa mtu. Lakini hata yule aliyekuja kumchukua babu awe manamba alikuja na lori, akamlisha njiani, akampa blanketi. Wakala wa mkoloni alianza kwa kutoa! Huyu wa leo, ndugu yangu wa damu na kijiwe kimoja, anataka nimnunulie mafuta ya pikipiki ili akaseme jina langu kwa mtu asiye na jina.

Kuna upande ambao sina mzaha nao. Miezi ya njaa, ghala zikiwa tupu na mtama bado uko shambani, wanakuja akina mama wenye sauti laini kuulizia mabinti wa kazi za ndani. Wengine huishia Dar es Salaam, wengine Oman. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu Watanzania wa kazi za ndani Oman na Emirates: pasi kunyang'anywa, mishahara kuzuiwa, saa za kazi zisizo na mwisho. Wazazi wanaomwita dalali wa mbuzi mwizi mpaka ahesabu noti mbele yao wanamkabidhi binti kwa mgeni ambaye hata ukoo wake hawajauliza. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tunayo tangu 2008. Turudi kwenye mizani yangu.

Najua mtasema niende kwenye njia halali. Nimekwenda. Nafasi za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye mfumo wao, hulipi mtu, na wenyewe hawachoki kuonya kuhusu matapeli. TaESA nao wapo, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, wanaunganisha mtu na mwajiri. Sina lawama nao. Lawama yangu ni ya hesabu: tuko wengi. Juni 2014, pale Uwanja wa Taifa, zaidi ya vijana 10,000 walikaa majukwaani kufanya usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Siku hizi tunaombea kwenye kompyuta na huwaoni wenzako. Mimi naona afadhali uwanja, angalau unajua umeshindwa na nani.

Anayeijua hali kamili ya ajira Chemba ni kijana wa steshenari. Nusu ya wilaya imefunguliwa akaunti na yeye. Maneno ya siri ya watu wazima, walimu na mafundi sanifu, yameandikwa kwenye kaunta buku lake kwa mstari wa wino mwekundu, jirani na madeni ya kutoa kopi. Ukimuuliza kama utapata kazi anakwambia: "Sijui mzee, mimi naskani tu." Bei iko ukutani. Risiti anatoa. Katika wote niliokutana nao ni yeye peke yake ambaye hakuniahidi kitu, na ni yeye peke yake niliyemlipa.

Ndipo nikaamua kutoa tangazo langu. Nililibandika pale pale steshenari, shilingi 500. Anatafutwa wakala wa ajira, nafasi moja. Awe raia wa Tanzania, mwenye cheti cha usajili kilichothibitishwa na wakili. Awe na ofisi yenye mlango. Jina la laini yake lifanane na jina lake. Aambatishe wadhamini watatu wa kuaminika wanaopatikana kwa simu. Watakaokidhi vigezo tu ndio watakaoitwa.

Sikutarajia mtu. Lakini yule dalali wetu wa kijiweni alikuja, amechomekea, na bahasha ya kaki mkononi. Nikampa stuli, nikamfanyia usaili mbele ya mizani. Usajili? Unashughulikiwa. Ofisi? Inapakwa rangi. Laini? Ni ya mke wake, kwa sababu za kifamilia. Nikamwambia basi tuone wadhamini. Wa kwanza alikuwa shemeji yake wa bodaboda. Wa pili, mimi.

"Si unanifahamu, shehe?"

Wa tatu akaniandikia kwa heshima kubwa, kwenye karatasi pembeni, kama mtu anayetoa siri ya ukoo: namba ya yule mkubwa wa Mtumba, nimpigie mwenyewe nihakikishe. Nikaanza kubonyeza. Kabla sijafika tarakimu ya mwisho, simu yangu ikaleta jina yenyewe: Bomba Sare.

Ikaita mara moja tu, akapokea.

"Kaka! Ile sare umeamua?"