Sifa za Barua ya Kukataliwa

Katika karatasi zote zinazotoka benki, hakuna iliyokosa mtetezi kama barua fupi inayomjulisha mwombaji kwamba akaunti ya hundi aliyoiomba haitafunguliwa. Taarifa ya akaunti ina wasomaji wake, mkataba wa mkopo una waoga wake, hata kalenda ya mwaka mpya yenye picha ya makao makuu hupata msumari ukutani. Barua ya kukataliwa husonywa, hukunjwa, ikatupwa. Huo ni utovu wa shukrani. Nchini Ufaransa hiyo ndiyo hati yenye nguvu kuliko zote ambazo benki inaweza kumkabidhi mtu asiye na kitu, na anayeitupa hutupa pamoja nayo akaunti yenyewe.

Anayesifiwa huanzwa kwa nasaba, na ya barua hii si haba. Ufaransa ni nchi iliyozoea kukataa: ilibidi isubiriwe sheria ya tarehe 13 Julai 1965 ndipo mwanamke aliyeolewa akaweza kufungua akaunti kwa jina lake bila idhini ya mumewe. Haki ya kila mtu kuwa na akaunti ilikuja baadaye, katika sheria ya benki ya tarehe 24 Januari 1984, nayo haikuja kwa huruma. Huko maisha ya noti mfukoni yamebanwa kisheria. Mshahara unaozidi euro 1,500 kwa mwezi haulipwi taslimu, na mkazi anayenunua kitu kwa mfanyabiashara hawezi kulipa noti kwa zaidi ya euro 1,000. Wala hakuna M-Pesa ya kumwokoa aliyeachwa nje, kama ile iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kumwezesha mwenye laini ya simu kupokea na kutuma fedha pasipo kukanyaga benki. Basi serikali inamsukuma kila mtu aende benki, na benki, ambayo ni mfanyabiashara, inajichagulia wateja. Wanaobanwa katikati ni mkimbizi, asiye na makazi, aliyeelemewa na madeni, na yule aliyewahi kuandikwa kwenye orodha ya benki kuu, Banque de France, kwa kutoa hundi isiyo na fedha. Hata mweka hazina wa kampeni ya mgombea huweza kujikuta humo, ndiyo maana sheria ya uchaguzi nayo imemtajia haki ya kufunguliwa akaunti.

Sasa tuangalie matendo yake. Mwombaji aliyekataliwa huchukua barua yake, kitambulisho, uthibitisho wa makazi na tamko kwamba hana akaunti nyingine, akavipeleka Banque de France. Benki kuu hiyo ina siku 1 ya kazi kuteua benki itakayompokea, na iliyoteuliwa, ikishapata nyaraka, ina siku 3 za kazi kufungua akaunti. Haiombwi, inaamriwa. Kisiwani Mayotte, eneo la Ufaransa katika mlango wa bahari unaoitenganisha Afrika na Madagaska, kazi ya uteuzi hufanywa na taasisi ya IEDOM kwa utaratibu uleule. Sheria imeongeza na adabu: benki iliyokataa inapaswa kuitoa barua bila malipo, kumweleza mwombaji haki yake, na kujitolea kumpelekea maombi yake Banque de France. Yaani anayekufungia mlango ndiye anayetakiwa akusindikize hadi kwa atakayekufungulia. Isitoshe, akaunti iliyopatikana kwa njia hii haifungwi na benki ila kwa sababu zilizoorodheshwa katika sheria, kama vile kudanganya au kuitumia akaunti kwa uhalifu, na sababu hiyo huandikwa. Aliyekaribishwa kwa tabasamu hana ulinzi huo, kwa kuwa amepokewa kwa hiari ya benki na kwa hiari hiyo hiyo anaweza kuagwa.

Mpinzani wa kwanza atasema barua hii tamu haitolewi. Wahenga walimjua mhudumu wa dirishani kabla dirisha halijajengwa waliposema akufukuzaye hakwambii toka. Mwombaji huambiwa alete karatasi nyingine, arudi wiki ijayo, asubiri kupigiwa simu, na mwisho hajui kama amekataliwa au amesahauliwa. Nakubali, na ninaona humo sifa kubwa kuliko zote nilizotaja. Benki hugawa bure vipeperushi, kalamu na ahadi. Inapoanza kuficha karatasi yenye sentensi mbili, tujue karatasi hiyo ina thamani. Serikali ya Ufaransa ilielewa hivyo, na kwa utaratibu ulioanza Juni 2022 ukimya wenyewe ukageuzwa kuwa jibu: mwenye ushahidi kwamba aliwasilisha maombi, asipojibiwa ndani ya siku 15, huhesabiwa amekataliwa, na ushahidi huo hushika nafasi ya barua. Tangu hapo, kunyamaza nako ni kutia sahihi.

Mpinzani wa pili hudharau akaunti yenyewe. Ni kweli kwamba haina kitabu cha hundi, na benki hailazimiki kumruhusu mwenyewe atoe zaidi ya alichonacho. Lakini anapata bure kadi inayokagua salio kabla ya kila malipo, kuweka na kutoa fedha kaunta, kupokea na kutuma malipo, kulipia ankara kwa makato ya moja kwa moja, na hundi 2 za benki kila mwezi. Kwa mtu ambaye deni ndilo lililomfikisha hapo, akaunti isiyoweza kukopesha si tusi. Wala ukarimu huu wa kukataa si wa Wafaransa peke yao. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 kuhusu akaunti za malipo linaitaka benki imfungulie au imkatae mkazi halali ndani ya siku 10 za kazi, na ikimkataa imwandikie sababu mahususi bila malipo, isipokuwa pale ambapo usalama wa taifa au sheria za utakatishaji fedha zinazuia. Uingereza, mlalamikaji huiendea kwanza benki yenyewe, ambayo kwa kawaida ina hadi wiki 8 kutoa jibu la mwisho, na tangu jibu hilo ana miezi 6 kulipeleka shauri kwa msuluhishi, Financial Ombudsman Service. Huko pia, karatasi inayosema hapana ndiyo inayofungua jalada.

Limebaki pingamizi zito. Ikiwa serikali inaweza kuiamuru benki kwa siku 1, kwa nini inangoja kwanza mtu afedheheshwe kaunta? Haki ambayo hailiwi mpaka mtu akataliwe imepikwa vibaya, na sina la kuitetea. Ila kosa hilo ni la haki, si la barua. Barua imefanya yote iliyotumwa, na zaidi: imekiondoa kitendo cha benki gizani na kukipa tarehe na jina. Banque de France inaweza kuhesabu watu iliowateulia benki, lakini wale waliogeuka dirishani na kwenda zao mikono mitupu hawahesabiki popote, na kwa hesabu za benki hawakuwahi kukataliwa. Sheria ikitaka kujua ni nani anaachwa nje na ni benki gani zinazowasukumia wenzao maskini, haina shahidi mwingine ila karatasi hizo.

Kwa hiyo anayeambiwa hapana asiombe radhi, wala asipoteze pumzi kumshawishi mhudumu ambaye hana mamlaka ya kushawishika. Adai kukataliwa ipasavyo, kwa maandishi, pamoja na jina la benki, tarehe na sahihi. Wakisita kuandika, aache maombi yake na achukue risiti, kisha ahesabu siku 15. Hao waliosita watakuwa wamemwandikia barua bila kushika kalamu.