Karibu Mbulu, Mkombozi Wetu

Ndugu mtumishi wa umma, tunakujua. Uko Dodoma, kiyoyozi kinavuma, mshahara haujawahi kukosa, na bado roho inakwambia hujaanza kuishi. Umeona video ya mtu aliyeacha benki akaenda kufuga nyuki, na sasa hacheki tena kwa zamu. Umeamua kuacha kazi, uje Mbulu au Hanang, ujenge jamii yenye maana. Mwongozo huu nakuandikia kama mwenyeji. Tumeshawapokea wengi, na wengi walikuja bila maandalizi.

Kazi iache kwa barua ya saa 24. Ukitoa notisi ya mwezi, bosi atapata muda wa kukushauri, na ushauri huharibu wito. Mkopo unaokatwa kwenye mshahara usikuumize kichwa. Makato yakikoma, benki itakutafuta yenyewe. Mwenzi wako mweleze ukishakata tiketi.

Katesh, mjini Hanang, usishukie. Lami ya Babati kwenda Singida inapita hapo hapo, utaonekana hujajinyima kitu. Wewe shika njia ya Haydom, tena masika. Lami ya huko tumeidai muda mrefu, hadi mwaka 2022 mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay, akaruka sarakasi ndani ya Bunge kuiombea. Ukifika umechafuka tope mpaka kwenye nyusi, utaaminika.

Sajili shirika. Jina liwe na neno Tumaini, Mwanga au Amka. Katiba nakili ya shirika lingine, ila kumbuka kufuta jina la mkoa wao. Fulana kwanza, ofisi baadaye.

Kisha andika ripoti ya utafiti inayoonyesha kuwa kabla yako hapakuwa na kitu. Hapa pana ugumu kidogo. Wairaqw, Wabarabaig wa jamii ya Wadatoga, Wahadzabe na Wanyiramba wameishi jirani kwa muda mrefu, kila mmoja na lugha isiyo na undugu na ya mwenzake. Wanagombana, ndiyo, hasa ng'ombe wakiingia kwenye mahindi. Lakini pia wanaoana, na Mwiraqw akizidiwa na maradhi huenda akavuka kwa mganga wa Kidatoga. Mambo hayo yaache nje ya ripoti, mfadhili atachanganyikiwa.

Semina ya kwanza iwe ya kuwajengea wanawake uwezo. Wabarabaig wana baraza la wanawake tangu enzi, na mwanaume akivunja haki za mkewe wanaweza kumtoza fahali. Watakusikiliza kwa adabu zote. Ukimaliza kuwafundisha kujitambua, kunywa chai yako uondoke. Usiulize nani atakayefuata kutozwa.

Sasa ardhi, maana maono hayakai hewani. Waliokutangulia walikuwa na maono kuliko wewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali kupitia shirika lake la kilimo na chakula, NAFCO, kwa msaada wa Canada, iliona mbuga za Hanang zikiwa tupu. Tupu kwa maana ya kwamba palikuwa na ng'ombe tu, na wenye ng'ombe, na makaburi ya wazee wao. Yakaja matrekta. Malisho bora ya Wabarabaig yakawa mashamba saba ya ngano, takriban ekari laki moja, na makaburi mengine yakalimwa humo humo. Nchi ilihitaji mkate. Watu wa kijiji cha Mulbadaw wakaenda mahakamani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani, pamoja na mengine, ikaona kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Kwa hiyo usijione mgeni sana. Uenyeji wa huku umewahi kuwashinda hata waliozaliwa huku.

Bahati mbaya kwako, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakutaka uonane na halmashauri ya kijiji, na jambo lako lifike mkutano mkuu. Utakaa juani na wazee wanaouliza maswali mafupi.

Nikuonye pia juu ya mifano mibaya. Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen wa Norwe alifika hospitali ya Kilutheri ya Haydom mwaka 1961, miaka sita baada ya kufunguliwa. Huyu alikosea kila kitu. Badala ya kuiacha kazi yake, alikuja nayo. Halafu akasahau kuondoka. Miongo ikapita, na baadaye mwanawe Øystein, daktari vilevile, naye akaja kuiongoza hospitali. Pembeni yake umeota mji mzima, maduka, gereji na nyumba za wageni, kwa sababu wagonjwa na ndugu zao lazima wale na walale. Jamii hiyo haikuzinduliwa na mtu. Ungekuwa wewe, utepe ungeukata wapi?

Wengine ni Ujamaa Community Resource Team, shirika lenye mizizi kwa wafugaji wa Simanjiro. Walikaa vikao na Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wakahangaika na mipaka, mihtasari na mihuri, hadi mwaka 2011 Wahadzabe wakapata hati ya kimila ya ardhi yao. Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2016, sawa, lakini muhtasari wa kikao utaupigia pozi gani Instagram?

Ukifika, jipeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji. Atakukaribisha kiti, kisha atauliza mambo mawili: unajua kufanya nini, na utakaa mpaka lini. “Kuhamasisha” si jibu la swali la kwanza. “Mradi ni wa miezi kumi na minane” si jibu la la pili. Ukipita hapo atakuonyesha chumba cha kupanga. Na kama kweli unajua kutengeneza sola iliyoharibika, usimwambie mtu siku ya kwanza, hutalala.