Michezo ya Baridi, Ganzi ya Mzazi

Shule za sekondari za jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, zina misimu mitatu ya michezo kwa mwaka: wa majani kupukutika, wa baridi na wa machipuko. Mtu aliyekulia Tanga akisikia hivyo hudhani huo wa katikati ni likizo. Baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri, ziwa likaganda mpaka watu wanaegesha magari juu yake, kuna mchezo gani tena zaidi ya blanketi? Kumbe ndipo shughuli inapoanza. Hoki ya barafu, skii za mteremko, skii za masafa, mpira wa kikapu, mieleka, jimnastiki, dansi ya timu, kuogelea kwa wavulana. Kuogelea! Wakati huo huo ambao mimi nanawa uso kwa hesabu.

Kwetu michezo ya shule ilikuwa UMISSETA: mpira wa miguu, netiboli, riadha, na uwanja wa vumbi. Mzazi hakuhusishwa. Alijua mwanawe ni mchezaji siku alipoitwa kumchukua amefungwa mkono. Huku mzazi ndiye anayeandikishwa wa kwanza. Anatia sahihi, analipa, anaendesha gari, anauza bisi mlangoni, kisha anashangilia.

Hapo ndipo nilipoijua kanuni ya michezo ya baridi, ambayo hakuna kocha anayekueleza: mchezo humpasha joto anayecheza na humgandisha anayetazama. Kwa hiyo orodha ya shule isisomwe kwa kuangalia kipaji cha mtoto. Isomwe kwa kuangalia mzazi anakaa wapi.

Tuanze na hoki, maana Minnesota kila kitu huanza na hoki. Mashindano ya shule ya wavulana ya jimbo zima yamechezwa tangu 1945, na ndilo jimbo la kwanza kuutambua rasmi mchezo huo kwa wasichana wa sekondari, mwaka 1994. Machi ikifika, mashindano yanaonyeshwa kwenye televisheni na kazi maofisini zinalala. Kabla ya mechi wachezaji hutambulishwa mmoja mmoja, kichwa wazi, na kila mmoja huipitia kamera akiziachia nywele zake ndefu zipepee. Nywele hizo zina mashabiki wao, na wapo wanaozipanga kwa ubora kila mwaka.

Mwanangu wa kiume aliingia hoki kwa ajili ya nywele. Nilimkumbusha kwamba nywele za ukoo wetu hazipepei, zinasimama. Akasema kocha hajali nywele. Kweli, kocha alijali saa tu. Uwanja wa barafu unagombewa na timu nyingi, kwa hiyo mazoezi huwekwa saa ambazo watu wenye akili wamelala. Mimi niliyekuwa nikiamshwa kwa mbinde kuswali alfajiri nikajikuta nimeshafika maegesho ya uwanja kabla ya wakati wa swala kuingia. Mama yangu aliposikia alimshukuru Mungu, akamwombea na kocha.

Ndani ya uwanja nako si salama. Kuna paa, kuna kuta, na barafu ipo hapo hapo mbele yako inakupumulia. Wazazi wazoefu huja na mablanketi na mito ya kukalia. Mimi nilikalia bati. Kipindi kimoja kilipokwisha nilitaka kusimama, nusu yangu ikakubali na nusu ikabaki. Na mkoba wa hoki wenyewe, ukishabeba kofia ngumu, kinga za mabega, viwiko, magoti na viatu vyenye visu chini, unamzidi mtoto uzito. Baada ya mwezi unanuka kama ng'onda waliosahaulika ndani ya basi la Pangani.

Binti yangu yeye alichagua skii za masafa, kwa sababu timu hiyo haimkatai mtu. Hapo mzazi hana hata bati la kukalia. Anasimama porini. Mtoto anaondoka na kundi, anapotelea kwenye miti, nawe unangoja na kengele ya ng'ombe mkononi, maana ndiyo wanayoshangilia nayo. Baada ya muda mrefu anapita mtu mwenye nguo ya kubana, kofia ya timu na barafu kwenye kope. Unapiga kengele, unapiga na vigelegele. Shemeji yangu alimshangilia hivyo msichana mmoja kwa moyo wote, akamwita jina la ukoo, kumbe ni wa shule pinzani. Yule msichana akampungia mkono, akaongeza mwendo.

Bibi yake binti yangu alimwona kwenye simu akiwa amevaa skii zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umefungwa mbao miguuni kwa kosa gani?"

"Ni skii, bibi. Natembea nazo juu ya theluji."

"Kwani baba yako ameuza gari?"

Skii zenyewe zina mahitaji. Chini hupakwa nta, na nta hiyo huyeyushwa kwa pasi. Zipo pasi maalumu za kazi hiyo, ambazo chini hazina matundu. Binti yangu aliona pasi yetu ya mvuke inatosha. Alizipiga pasi skii zake gerejini, akaifuta pasi kwa karatasi, akairudisha kabatini bila neno. Ijumaa yake nikaipitisha kwenye kanzu nyeupe. Nta iliyojificha ndani ya matundu ikashuka pamoja na mvuke, ikachora mstari wa buluu kutoka shingoni hadi kifuani, unang'aa. Msikitini mzee mmoja wa Lamu aliukagua kwa kidole, akaniuliza, "Sheikh, hii darizi ya wapi?" Nikamwambia ya huku huku.

Nilijaribu kumtoa mtoto huko kwa hoja kwamba skii si mambo yetu. Akanijibu kwa Philip Boit, mkimbiaji Mkenya aliyepelekwa Finland kujifunza skii, akashindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho. Lakini mshindi wa dhahabu, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie, na Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Unamjibu nini mtoto mwenye hoja hiyo? Nilinunua soksi za sufu.

Mieleka sikuikubali. Ukumbi una joto, viti vipo, lakini wachezaji hupangwa kwa uzito, na rafiki wa mwanangu alikuja kwetu akaitazama pilau akisema kesho anapimwa. Nyumba yangu haiwezi kumstahimili mtu anayeitazama pilau. Kuogelea nako bwawa ni la ndani na maji yana joto, tatizo ni mlangoni. Kijana hutoka kichwa kibichi, na kabla hajafika garini nywele zimeshakuwa barafu. Wanacheka na kupigana picha.

Mchezo wangu mimi ni mpira wa kikapu, na nina ushahidi wa kihistoria. Watu wetu huucheza juani, wakaudhania ni mchezo wa joto. Si kweli. Mwaka 1891, huko Springfield, Massachusetts, mwalimu James Naismith aliambiwa atafute mchezo wa kuwashughulisha wanafunzi ndani wakati wa baridi. Akapigilia vikapu viwili vya mapichi kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, akawapa mpira. Mtu huyo aliwafikiria wanafunzi, na bila kukusudia akawahurumia wazazi wa dunia nzima. Watoto wangu wote wawili hawautaki.

Basi mzazi mwenzangu uliyeshuka ndege juzi, fomu ikija usiikatae. Desemba huku jua linazama saa kumi na nusu jioni, na mtoto asiye na mazoezi atarudi nyumbani gizani akae na simu mpaka alale. Walio kwenye timu wanakuja wamechoka, wana njaa, na wana marafiki ambao usingeweza kuwatafutia kwa fedha. Tia sahihi. Ila uliza kwanza mzazi anakaa wapi, nunua viatu vya theluji vinavyoingia na soksi mbili, na kanzu yako mpe dobi.